Gunia hutanuka shambani, mkebe hunywea sokoni

*Wakulima na wanunuzi wa Taita Taveta wanapimiana kwa vyombo ambavyo hakuna anayevikagua. Anayeumia ni yule anayeuza kwa chombo kikubwa na kununua kwa kidogo.*

Katika soko la Voi, pojo hupimwa hivi. Muuzaji anachota kwa kibakuli cha plastiki kutoka kwenye gunia lililokunjwa mdomo, anamimina polepole ndani ya mkebe wa bati uliowahi kuwa wa mafuta ya kupikia, kisha anaongeza mpaka kilemba kisimame juu ya ukingo. Punje chache zinateleza na kurudi guniani. Mnunuzi anafungua mfuko, mkebe unapinduliwa, na kabla muuzaji hajaketi, mnunuzi anaomba nyongeza. Anatupiwa konzi moja. Wote wawili wameridhika.

Hiyo ndiyo gorogoro. Kila mtu hapa anaijua kuwa kilo mbili: mahindi gorogoro moja, maharagwe gorogoro mbili, mchele nusu gorogoro. Bei hutajwa hivyo, na hata mgeni aliyeshuka kwenye treni ya Nairobi au Mombasa hahitaji maelezo.

Lakini tazama mkebe wenyewe kwa karibu. Karatasi ya kiwandani ilikwisha kubanduka zamani. Ukingo umelika. Ukiugeuza, mara nyingi utakuta kitako kimebonyea kwa ndani, wakati mwingine kwa ajali ya miaka mingi ya kutupwa sakafuni, wakati mwingine kwa nyundo. Na yupo muuzaji ambaye hushika mkebe kwa namna ambayo kidole gumba hukaa ndani, kikichukua nafasi ya punje.

Hakuna muhuri wa mkaguzi kwenye mkebe huo. Mizani iliyo katika duka la nyama hatua chache kutoka hapo inatakiwa na sheria kuwa nao.

Kilo mbili za nini?

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi tunapopotea. Mkebe ulitengenezwa kubeba kilo 2 za mafuta ya kupikia. Mafuta hayo ni mepesi kidogo kuliko maji, kwa hiyo kilo 2 zake huchukua nafasi ya lita 2 na ziada kidogo. Huo ndio ujazo wa gorogoro.

Mahindi makavu ni mepesi zaidi, maana kati ya punje na punje kuna hewa. Lita moja ya mahindi huwa na uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Basi mkebe uliojazwa mpaka ukingoni na kufutwa kwa kiganja hutoa kama kilo 1.6 za mahindi. Pojo na maharagwe huzidi kidogo. Unga uliomiminwa bila kushindiliwa hupungua sana, pengine kilo moja na robo.

Kwa maneno mengine, mkebe tunaouita wa kilo mbili haujawahi kubeba kilo mbili za mahindi ukiwa umefutwa. Kilemba ndicho kinachoziba pengo. Ndiyo maana mama anayenunua huchunga kilemba kwa jicho kali, na ndiyo maana muuzaji aliyebanwa na bei hukipunguza kwanza kabla hajagusa bei.

> Mkebe tunaouita wa kilo mbili haujawahi kubeba kilo mbili za mahindi ukiwa umefutwa.

Mkono nao ni kipimo. Punje zikimiminwa taratibu kutoka karibu, hukaa kwa kuachana na mkebe hujaa upesi. Mkebe ukitikiswa au kugongwa chini mara mbili, punje hushuka na nafasi ya konzi nzima hupatikana. Mnunuzi mzoefu husema: tikisa. Mtoto aliyetumwa dukani hasemi.

Chukua gunia la mahindi la kilo 90, lile ambalo bei yake hutangazwa kila msimu. Kwa gorogoro za kilo 2 kamili, hutoka gorogoro 45. Kwa mkebe wa kufuta wa kilo 1.6, hutoka 56. Tofauti ni mikebe 11, na yote imelipwa na watu waliodhani wamenunua kilo mbili. Muuzaji hakuhitaji kubonyeza kitako wala kuingiza kidole.

Kwa mkulima mambo hugeuka

Ukiondoka mjini ukaelekea Mwatate, Wundanyi au Taveta, unamkuta mtu aliyeumizwa na chombo kwa upande wa pili. Yeye anauza.

Debe lililoenea Afrika Mashariki lilikuwa kopo la mafuta ya taa, lililofika pwani kwa meli mwishoni mwa karne ya 19, makopo mawili katika sanduku moja la mbao. Lilibeba galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Leo debe la bati limekuwa nadra. Linalotumika ni ndoo ya plastiki ya lita 20, na bado inaitwa debe. Mkulima anayeuza debe moja la mahindi kwa ndoo hiyo ametoa karibu lita 2 zaidi ya debe la babu yake, kabla kilemba hakijahesabiwa. Nacho huhesabiwa, kwa kuwa ndoo ni ya mnunuzi.

Gunia ni hadithi ndefu zaidi. Kaunti hii inalima mkonge, na shamba la Mwatate ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge barani. Lakini gunia linalobeba mazao ya mkulima mdogo ni la nailoni. Hushonewa kipande juu, au hujazwa kupita mdomo kisha likafungwa kwa wavu wa kamba, mpaka gunia moja likawa moja na nusu. Dalali hulipa bei ya gunia moja.

Ng'ambo ya mpaka, Watanzania wanaita mzigo huo lumbesa, na wameupiga vita miaka mingi. Sheria yao inataka mzigo usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo, uliopo tangu 2002, hufanya operesheni barabarani na sokoni. Kwetu, kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Kwingine zilipokewa kwa shangwe, halafu malori yakaendelea kupakia kama zamani. Dalali alihamia kwa mkulima aliyekubali gunia la kutanua, na aliyeshikilia sheria akabaki na viazi vinavyochipua.

Mkulima wa nyanya ana sanduku lake la mbao, ambalo mbao za pembeni zinaweza kuongezwa urefu wakati wowote. Wa ndizi za Taveta anauza kwa mkungu, na mkungu haujawahi kuwa na kipimo: mnunuzi anautazama, anauinua kidogo kwa mkono, anataja bei. Ukifika Kongowea, Mombasa, mkungu huohuo hukatwa chane chane, na chane huuzwa kidole kwa kidole.

> Mkulima huuza kwa chombo cha mnunuzi. Mlaji hununua kwa chombo cha muuzaji.

Hapo ndipo kiini cha jambo lote. Anayenunua kwa jumla huleta gunia lake na ndoo yake, na anayeuza rejareja huleta mkebe wake. Mara nyingi ni mtu yuleyule au mshirika wake. Mkulima wa Mbololo aliyeuza mahindi yake mwezi wa pili kwa ndoo yenye kilemba atanunua mahindi mwezi wa kumi kwa mkebe usio na kilemba. Anapunjwa mara mbili kwa zao moja.

Na mavuno yenyewe si mengi. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya hifadhi ya Tsavo, na ndovu huvuka na kuingia mashambani mahindi yanapokomaa. Mtu aliyebakiwa na madebe manne baada ya usiku mmoja wa ndovu hana kilo za kumwachia dalali.

Taveta, sokoni Jumatano na Jumamosi

Taveta imezoea vipimo vya watu wengi. Karne ya 19 misafara ya Waswahili na Wakamba ilipumzika hapa ikienda na kurudi bara, ikiwa imebeba pembe zilizopimwa kwa frasila, ratili 35 hivi, na vitambaa vilivyopimwa kwa mkono: kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa upande, minane ilikuwa doti. Mwenye nguo alipenda kumtuma mtu wa mkono mfupi. Mnunuzi naye alijua la kufanya, alikuja na ndugu yake mrefu.

Kanga bado inauzwa kwa doti leo, lakini hakuna anayegombana, kwa sababu kiwanda kimeshaamua urefu.

Siku za soko, Jumatano na Jumamosi, wafanyabiashara wa Holili na Moshi huvuka kituo cha pamoja cha mpakani na kuleta vitunguu, nyanya, mchele na maharagwe. Wao wana sado, ndoo ndogo ya rangi ya lita 4. Wana tenga la nyanya. Sisi tuna gorogoro na debe. Shilingi ni mbili, vyombo ni zaidi ya kumi, na mama anayetaka kujua wapi maharagwe ni nafuu anafanya hesabu kichwani ambayo ingemtoa jasho mwalimu: sado kwa shilingi ya Tanzania dhidi ya gorogoro kwa shilingi ya Kenya, kilemba kikiwa huku kirefu na huku kifupi.

Bei zinazotolewa kila mwezi na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, zimeandikwa kwa kilo na lita. Sukuma wiki kilo moja. Nyanya kilo moja. Ukimwuliza mama mboga wa Voi kilo ya sukuma wiki ni pesa ngapi, atakuuliza unataka fungu ngapi. Fungu la shilingi 20 limebaki la shilingi 20. Majani ndiyo yamepungua. Ukali wa maisha hapa huonekana katika unene wa fungu kabla haujafika kwenye takwimu.

Hoja za wanaotetea mkebe

Itakuwa dhuluma kuwaandika wauzaji wote kama wezi, na hoja zao zina uzito.

Ya kwanza ni gharama. Mizani ya saa au ya kidijitali inayokubalika kisheria si bei ya mama anayeuza pojo za gunia moja. Baada ya kuinunua, lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka kwa ada. Mkebe hauli betri wala hauibiwi usiku.

Ya pili ni imani. Mteja anaona mkebe ukijaa mbele ya macho yake. Namba nyekundu za mizani ya kidijitali haoni zinakotoka, na visa vya mizani zilizochezewa vinajulikana. Wengi wanaamini zaidi kilemba wanachokiona.

Ya tatu wachache huitaja, na ni ya kweli: uzito nao hudanganya. Mahindi mabichi ni mazito kuliko yaliyokauka vizuri. Ukipima kwa kilo peke yake, unalipia maji, na mahindi yenye unyevu ndiyo yanayoota ukungu wa sumu. Kilo bila kipima unyevu haimlindi mlaji kikamilifu.

Ya nne ni udogo wa mfuko wa mteja. Mtu mwenye shilingi 30 hanunui gramu. Anataka kikombe cha mchele, kifuniko cha mafuta ya kupima, kijiko cha majani ya chai. Biashara ya kadogo inalisha mji huu, na kuifukuza ni kuwafukuza maskini sokoni.

Mimi nakubaliana na zote nne. Sikubaliani na hitimisho linalotolewa, kwamba basi mkebe uachwe kama ulivyo.

Chombo kinaweza kuwa mwaminifu

Ushahidi uko Voi yenyewe, juu ya mkokoteni wa muuza maji. Mtungi wa plastiki wa lita 20 umefanya kazi ya kipimo katika mji huu wenye kiu kwa miaka mingi, wakati bomba la maji la Mzima linapita kwenda Mombasa. Watu hulalamikia bei ya mtungi na chumvi ya maji. Kuhusu ujazo, ugomvi ni nadra. Mitungi yote imetoka viwandani na ujazo mmoja, haina kilemba, na maji hayapandi juu ya mdomo.

Dunia nayo ilipita njia hii. Mafuta ghafi yanauzwa kwa pipa mpaka leo, lakini pipa liliamuliwa Marekani katika karne ya 19 kuwa galoni 42, sawa na lita 159, na halibadiliki kwa matakwa ya mwenye kisima. Ufaransa, kabla ya mapinduzi ya 1789, wakulima walililia kipimo kimoja kwa nchi nzima, kwa sababu mabwana walipokea nafaka kwa chombo chenye kilemba na kutoa kwa chombo cha kufuta. Mwaka 1795 wakapata metriki. Malalamiko yao yangeeleweka Mwatate bila mkalimani.

Pwani yetu pia ilikuwa na utaratibu. Vibaba vinne vilifanya pishi moja, na Waislamu walitoa zaka ya fitri kwa pishi hiyo, kibaba kikisimama mahali pa mudi ya Kiarabu. Kipimo kilichofungamana na ibada hakikuweza kupunguzwa hivihivi, na aliyepunja alijua anamkosea nani.

Vito: gramu hapa, karati kule

Jambo hili lina sura nyingine ambayo wengi hawaihusishi na gorogoro. Ardhi ya Kasighau, Mkuki na Mangari inatoa vito, na kimojawapo, tsavoraiti, kimepewa jina la Tsavo. Mchimbaji mdogo huuza jiwe ghafi kwa gramu, na mara nyingi kwa jicho. Mnunuzi wa mwisho, ng'ambo, hulipa kwa karati.

Gramu moja ni karati 5. Jiwe hupoteza sehemu kubwa ya uzito linapokatwa, na hilo ni sababu halali ya bei ghafi kuwa chini. Lakini mchimbaji asiye na mizani ndogo ya kuaminika hawezi kujua halali inaishia wapi. Akiambiwa jiwe lake ni gramu 3 wakati ni 4, amepoteza karati 5. Serikali ilijenga kituo cha vito Voi ili jiwe lipimwe, likatwe na kuuzwa hapa nyumbani. Mizani iliyokaguliwa, iliyo wazi kwa mchimbaji yeyote bila malipo, ndiyo huduma ya kwanza ambayo kituo hicho kinapaswa kutoa.

Kinachodaiwa

Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka kila chombo cha kupimia biashara kikaguliwe na kupigwa muhuri. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kusimamia masoko na haki katika biashara, na kifungu cha 46 kinalinda haki za mlaji. Hakuna sheria mpya inayosubiriwa.

Nionavyo mimi, kupiga marufuku gorogoro ni kupoteza muda. Mikebe itafichwa asubuhi ya msako na kurudi mchana. Kaunti itengeneze mkebe wake: chuma kigumu, kitako kisichobonyea, ukingo wa kufuta, ujazo uliopimwa kutoa kilo 2 za mahindi makavu bila kilemba, na muhuri ubavuni. Kwa hesabu ile ya juu, huo ni mkebe wa karibu lita 2.7. Utolewe kwa wauzaji kwa bei ya kutengenezea, na kila soko liwe na mizani moja ya wazi langoni ambapo mnunuzi anapima tena bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa mkulima, dawa ni mizani ya ushirika kando ya barabara ya lori, si hotuba. Dalali akikataa kupima, wanachama wote wasimuuzie siku hiyo. Mkulima mmoja akikataa peke yake, mzigo wake unaoza. Kijiji kizima kikikataa, lori haliwezi kurudi tupu Mombasa.

Na wewe msomaji, Jumamosi hii nenda sokoni na chupa ya maji ya nusu lita. Mwombe muuzaji unayemwamini akuruhusu kujaza mkebe wake kwa maji. Ukijaa kabla hujamaliza chupa ya nne, chombo hicho kimepungua na unalipia hewa. Mwambie kwa heshima, maana huenda na yeye aliuziwa mkebe huo hivyo hivyo. Akikataa kuubadilisha, peleka taarifa kwa ofisa wa vipimo wa kaunti, na udai aje sokoni kuupima mbele yako.